Njia ya Tatu Niliyoiandika Ili Ikataliwe

Mpendwa Bibi wa Ukurasa wa Tisa, shikamoo. Nimekusoma miaka mingi, mwanzoni kwa kumchungulia mke wangu begani na siku hizi nanunua gazeti langu mwenyewe, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku nitakuandikia, maana hata mimi kazi yangu ni ushauri, na mganga hajigangi, lakini yamenifika shingoni, sijui tena nishike wapi, nakuomba uninusuru kabla ya Jumatatu.

Ninafanya kazi katika ofisi ya washauri wa Waziri Mkuu. Usishtuke, mimi si mkubwa, sina dereva wala bendera, nina meza karibu na mashine ya fotokopi na kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Nina miaka kumi na tisa pale na huyu Waziri Mkuu wa sasa ni wa tatu kwangu.

Nilipoingia, ofisi ilikuwa watu wanne na birika moja. Aliyeianzisha ni mzee tuliyemwita Mzee Pambizo, kwa sababu hakuwa na karatasi zake mwenyewe, alikuwa anaandika pembeni mwa karatasi za wengine, kwa penseli, maneno kama "Hapana" na "Huyu anakudanganya" na "Waulize wenye shamba kwanza". Chumba chake kilipakana na cha Waziri Mkuu, akigonga anaingia. Nilimkuta mwaka wake wa mwisho, akaniambia, "Kijana, mshauri ni mtu wa kumwambia mkubwa kwamba zipu yake iko wazi. Mengine ni mapambo." Nilicheka, nikadhani ni utani wa mtu anayestaafu.

Alipoondoka, mwenzetu mmoja akashauri daraja lijengwe mahali fulani, likajengwa, mvua ya kwanza ikalichukua, jina lake likatajwa redioni asubuhi, mchana na jioni, naye akahamishiwa stoo ya nyaraka ambako yupo mpaka leo. Tangu hapo, Bibi, hakuna mtu ofisini kwetu aliyeshauri jambo lolote, nasema kweli. Tuliongezeka, tukapewa ghorofa mbili, vikaja vitengo, akaja mkuu wa washauri na msaidizi wake na msaidizi wa msaidizi, sasa tuko thelathini na mmoja, lakini kila tunachoandika ni karatasi moja yenye njia tatu, haina jina la aliyeandika, chini kuna mhuri wa ofisi basi, na Waziri Mkuu anaweka alama ya vema kwenye njia anayoitaka. Likiharibika, alichagua yeye. Likifaulu, tulimwandikia sisi.

Sasa ndani ya hizo njia tatu kuna siri ambayo kila mgeni hufundishwa wiki yake ya kwanza. Tunasema, "Juu usingizi, chini moto, pita katikati." Njia ya kwanza ni ya kutofanya kitu. Ya tatu ni ya kutisha, inawekwa pale ili ikataliwe. Ya kati ndiyo tunayoitaka sisi. Waziri Mkuu aliyepita aliijua siri hiyo, alikuwa hata hasomi, kalamu inashuka yenyewe mpaka katikati. Huyu wa sasa ana miezi saba na hakuna aliyemwambia, maana utamwambiaje? Utamwendea mtu mzima umwambie Mheshimiwa, kila karatasi tunayokuletea, theluthi mbili yake ni danganya toto? Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme, na kwa miezi saba tulikuwa na bahati.

Mwezi uliopita niliagizwa kuandika karatasi kuhusu vyuo vidogo vya wakunga. Viko kumi na kimoja, kila kimoja kina wanafunzi thelathini hivi, na walimu hawatoshi. Nikaandika. Njia ya kwanza, viachwe kama vilivyo. Njia ya pili, wawepo walimu wa kuzunguka, wiki mbili chuo hiki, wiki mbili chuo kile. Njia ya tatu, vifungwe vyote na wanafunzi wakusanywe katika chuo kimoja kikubwa hapa mjini. Bibi, hiyo ya tatu sikuimaanisha hata kidogo. Wengi wa wanafunzi wale ni mama wenye watoto wadogo, hawawezi kuhamia mjini, wataacha masomo, na kule waliko wanawake watajifungua bila mkunga. Hayo nayajua kama ninavyolijua jina langu, na tena mkuu wa chuo kimojawapo ni dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki nikiwa na miaka saba.

Kosa langu ni kwamba ile ya tatu niliiandika vizuri. Ya pili niliijaza "hata hivyo" na "kwa kadiri itakavyowezekana", nikiogopa kuonekana naipendelea kwa sababu ya dada, lakini ya tatu, kwa kuwa haikuwa na kazi, ilinitoka kwa mistari mitatu iliyonyooka, ina mpaka tarehe ya kuanza. Waziri Mkuu huyu zamani alikuwa mhandisi na anapenda kitu kilichonyooka. Faili likarudi, alama ya vema iko chini kabisa, na pembeni, kwa kalamu ya kijani, ameandika, "Safi. Tekelezeni."

Nikakimbilia kwa mkuu wa washauri, mama mmoja ambaye sisi wadogo tunamwita Komeo, kwa kuwa hakuna kinachompita.

"Mama, amechagua ile ya chini."

"Nimeona."

"Lakini ile si ya kuchaguliwa."

"Iliandikwa, haikuandikwa?"

"Iliandikwa."

"Basi inachagulika."

"Tumwambie, mama, kwamba sisi hatushauri hivyo."

Akavua miwani, akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitisha zaidi. "Nani alikwambia ofisi hii inashauri? Sisi tunawasilisha. Nenda ukaandae waraka wa utekelezaji. Jumatatu, si hii inayokuja, ile ya baada yake, saa nne, utausimamia saini."

Nikatoka, nikakisoma kibao cha mlangoni, kimeandikwa Ofisi ya Washauri, nikakisoma tena kama mtu anayetafuta nyumba aliyohama. Kama hatushauri, basi nimefanya nini pale miaka kumi na tisa? Na kama tunashauri, mbona ushauri wangu umekuwa ule nisioutaka? Na kusimamia saini, kama hujui, ni kwamba aliyeandika waraka husimama kando ya kiti cha Waziri Mkuu, anamfunulia kurasa na kumwonyesha pa kusaini, dakika kumi, na desturi yetu ni kwamba hasemi mpaka aulizwe. Mimi nimesimamia saini mara nyingi sana na nimeulizwa mara moja tu, kama lile dirisha linafunguka.

Jumapili dada akapiga simu. Kule kwao wamesikia kwamba karatasi ya vyuo imefika juu.

"Mdogo wangu, nimewaambia wanafunzi wangu wasiwe na wasiwasi. Nimewasimamisha wote asubuhi nikawaambia, mdogo wangu ndiye anayemshauri Waziri Mkuu, hawezi kutuacha."

"Dada, mambo ya serikali haya..."

"Najua huwezi kusema kwenye simu, sikulazimishi. Nataka kukushukuru tu. Mama angekuwepo angefurahi."

Nikasema, "Haya, dada." Bibi, nilisema haya, neno hilo moja, kisha akakata simu akiwa na furaha zake.

Hata nyumbani nimeharibika. Mke wangu akiniuliza nitakunywa nini namwambia kuna maji, kuna chai, kuna maziwa, naye huniletea chai bila kuuliza tena, ameshanijua. Binti yangu juzi aliniuliza kama asomee sheria, nikampa njia tatu, akasema, "Baba, nimekuuliza wewe unaonaje," na nikagundua sijui ninaonaje. Nilitafuta ndani sikupata kitu, nikamwambia tutazungumza kesho, na kesho hiyo imeshapita.

Kwa hiyo nimechanganyikiwa, sijui hata kosa ni la nani, ni langu mimi niliyeandika, ni la Mheshimiwa aliyechagua, ni la Komeo, au ni la ofisi nzima tangu Mzee Pambizo aondoke. Nimewaza sana na naona njia tatu. Kwanza, ninyamaze na kuandika waraka kama nilivyoagizwa, maana mimi nani. Pili, nichape kikaratasi kisicho na jina nikichomeke ndani ya faili kabla ya Jumatatu, kwamba suala la walimu wa kuzunguka litazamwe upya kwa kadiri itakavyowezekana, Mheshimiwa akione mwenyewe bila mtu kuumia. Tatu, nijiuzulu leo hii, nibebe kiti changu cha waya nikalime. Nielekeze, Bibi, nishike ipi?

Ni mimi,
Mwenye Meza Karibu na Fotokopi

BIBI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika Jumatano, gazeti linatoka Jumamosi, na waraka wako unasainiwa Jumatatu. Nimeitoa barua ya mama anayegombana na mpangaji wake ili wewe upate nafasi. Hao wawili wamegombana miaka sita, wiki moja zaidi hawatakufa.

Pole. Nasema pole ya kweli, kwa sababu kukaa miaka kumi na tisa mahali ambapo watu thelathini wameajiriwa kusema na hakuna anayesema, hata mimi ningeanza kusoma vibao vya milango. Wahenga wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini wako nimeuambia, basi ushukuru, maana pole yangu inaishia hapo.

Unaniuliza ushike ipi katika njia tatu. Baba wee, hata mimi unanifanyia hayo? Umetumia barua nzima kunifundisha siri yenu, juu usingizi, chini moto, pita katikati, kisha ukageuka ukaniandalia sahani ile ile! Ya kwanza yako ni kulala. Ya tatu ni kujiunguza, na wewe huna nia yoyote ya kulima, jembe ukiliona utaliuliza lina kurasa ngapi. Ya kati ndiyo uliyoivalisha nguo za kutokea: kikaratasi kidogo, hakina jina, kimechapwa ili hata mwandiko usijulikane, na lile "kwa kadiri itakavyowezekana" nalo limo. Ulitaka kalamu yangu ishuke yenyewe. Mimi si Waziri Mkuu wenu aliyepita, huwa nasoma. Zote tatu nimezikataa.

Unauliza kosa ni la nani. Waziri Mkuu mmemwuliza swali, akajibu. Komeo ni komeo, kazi yake kufunga, ukimlaumu utamchosha bure. Walioogopa kumwambia mgeni siri ya nyumba ni nyinyi nyote, na kwa hilo mnagawana. Lakini mistari mitatu iliyonyooka ni yako peke yako. Uliogopa kuonekana unampenda dada yako, ukamharibia dada yako. Hilo lifikirie polepole, usilikimbie.

Na usinidanganye kwamba ofisi iliharibika ilipopata ghorofa mbili. Watu wengi si dhambi, nchi ni kubwa na mzee mmoja mwenye penseli asingeiweza. Iliharibika siku mwenzenu alipokosea daraja, na nyinyi mliobaki mkajifunza kuogopa badala ya kujifunza madaraja. Yule aliye stoo walau alisema kitu, na kosa lake lina jina lake. La kwako lina mhuri.

Nikwambie jambo ambalo wasomaji wangu wa zamani wanalijua. Miaka kumi na moja iliyopita nilimwambia mwanamke mmoja, hapa hapa ukurasa wa tisa, arudi kwa mumewe. Akarudi, akavunjwa mkono. Aliniandikia tena kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala. Niliichapa barua yake yote na chini yake nikaandika kwamba nilikosea, nikaweka jina langu hili hili. Nilitaka kuacha kazi. Mhariri, mtu mwema, akaniambia siku hizi ni salama zaidi kuwapa wasomaji mambo mawili matatu wachague wenyewe. Nilimkatalia. Anayeniandikia hakukosa mambo ya kuchagua, anayo mengi mno ndiyo maana haoni. Anataka mtu mmoja amwambie, "Mimi ningefanya hivi," na mtu huyo akubali kulaumiwa kesho. Hiyo ndiyo kazi yetu sote wawili, ila mimi nikikosea huumia mmoja, na wewe ukikosea huumia wanawake wa vyuo kumi na kimoja na wale ambao wangewazalisha.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujamaliza hiyo chai uliyoletewa, mpigie dada yako. Usimwambie tena "mambo ya serikali haya". Mwambie, "Dada, karatasi niliandika mimi, niliiandika vibaya, na lililochaguliwa ni kuvifunga." Atalia, au atakutukana, au atanyamaza, na kunyamaza ndiko kutakuuma zaidi. Vumilia. Amewasimamisha wanafunzi wake akawatoa hofu, nawe ukaipokea shukrani yake kwa kusema "Haya, dada." Msamaha usiuombe leo, ni haraka mno. Muulize jambo moja tu, wanafunzi wake wangapi wana watoto wadogo na hawawezi kuhama. Hesabu hiyo utaihitaji.

Kesho Jumapili kaa uiandike upya njia ya pili, mistari mitatu, na tarehe ya kuanza, na hesabu ya dada yako ndani yake. "Hata hivyo" zote zitupe nje. Kama uliweza kukinyoosha kitu usichokiamini, unachokiamini hakiwezi kukushinda. Mpe mkeo asome. Akielewa mara moja, imenyooka, maana huyo mama amezoea kukutafuta katikati ya maneno yako miaka yote hii. Chini andika jina lako, lile ulilopewa na wazazi, na karatasi hiyo usiipeleke karibu na mhuri. Na binti yako mwambie kama asomee sheria au asisomee. Ukikosea, atajua walau baba yake alionaje.

Jumatatu, saa nne kasoro dakika tano, mkiwa mlangoni, mwambie Komeo unachokwenda kufanya. Mwambie, usimwombe. Kumzunguka mkubwa wako nako ni kikaratasi kingine kisicho na jina, na vya namna hiyo tumevimaliza.

Kisha ingia. Hapa ndipo uliponishangaza hata nikaweka kalamu chini. Unalia kwamba sauti yako haifiki juu, na huku unasimama kando ya kiti cha Waziri Mkuu dakika kumi nzima, mko wawili na dirisha! Mzee Pambizo alilazimika kugonga mlango, wewe unafunguliwa. Hiyo desturi ya kutosema mpaka uulizwe haikuandikwa popote, ingeandikwa ungeniambia ni ukurasa wa ngapi. Basi Jumatatu usimfunulie ukurasa. Simama tu. Ataona kalamu yake haina pa kutua, atainua macho, nawe utasema hivi: "Mheshimiwa, karatasi hii niliandika mimi. Njia ya tatu niliiweka ili uikatae. Nashauri ya pili, hii hapa, jina langu liko chini." Hapo nyamaza, umwachie chumba.

Siahidi kitu. Anaweza kukupeleka stoo, ukamsalimie yule wa daraja na umwambie Bibi anamkumbuka. Anaweza kukusikiliza vizuri kisha akasaini vile vile, na hiyo ni haki yake, kalamu ni yake. Dada yako anaweza kukaa mwaka mzima bila kukupigia. Lakini zipu iko wazi, mwanangu, na ofisi nzima inatazama dari, na aliyeifungua ni wewe. Mimi ningekuwa wewe ningesema, na nikikosea, ukurasa wangu unaujua, niandikie hata kwa mkono wa kushoto.

Kuna swali moja atakuuliza, najua, maana mhandisi akiona ufa huuliza ulianza lini. Atakuuliza kwa nini hukusema tangu mwanzo. Usimpe sababu tatu. Mpe moja. Mwambie uliogopa.